Ukuta wa Tofali Moja

Wanaosifu mitaa ya zamani ni wale waliokwisha kuhama. Huja na magari yao Jumapili, wakasimama ukingoni mwa matope wakisema, "Ah, huku watu bado wanaishi pamoja," halafu wakarudi kwao kwenye maji ya moto. Mimi sijahama, kwa hivyo nina haki ya kusema ninavyoona.

Nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la mji, hapa Kericho ni mstari mmoja mrefu: milango kumi na miwili, paa moja. Baba, aliyetoka upande wa Kisii, alipewa hii alipoacha kuchuna majani chai na kuajiriwa kufagia mji. Nimezaliwa humu. Mvua ya mawe imetoboa mabati mpaka kila nyumba ina sufuria zake za kudumu sakafuni. Mfereji hutoa maji ya kutu siku ukiamua kutoa, na mtaro wa maji machafu huziba kila Aprili, tukavuka harufu hiyo kwa mawe. Kakangu, ambaye amepanga ghorofa mpya ng'ambo ya mji, hachoki kuniuliza, "Wewe unangoja nini hapo? Ikuangukie?"

Nilikuwa namjibu kwamba sokoni nafika kwa miguu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na Kogo.

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na ndivyo mtaa wote ulivyomwita yule mjane wa mlango wa kando yangu. Mwanawe ana shamba la chai kule Kimulot, karibu na msitu, na kila Krismasi alikuja kumchukua mamake, naye kila Krismasi akakataa. Alisema kule baridi inauma na ng'ombe hawana maneno. Mama yangu alipofariki, Kogo ndiye aliyenipikia wiki nzima bila kuniuliza ninataka kula nini. Nilipojifungua, aliniletea mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kikombe. Alinigombeza kuhusu nguo, kuhusu wanaume, kuhusu ugali wangu mlaini. Nilimpenda, na alinichosha. Katika nyumba hizi huwezi kupata moja bila lingine.

Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali moja, tena uliokomea kwenye dari. Juu ya hapo hewa ilikuwa ya wote. Nilijua anakaanga nini. Alijua nagombana na nani. Watu wanaobanana hivyo hujitungia sheria ili wasichukiane. Ya kwanza: ulichosikia kupitia ukutani, hukukisikia. Ya pili: ukitaka chumvi au kiberiti, unaita kwa sauti, na jirani anajibu akiwa kwake. Kugonga ukuta kulikuwa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba redio yako imezidi. Kogo aligonga kwa kichwa cha bakora yake, mara mbili, nami nikapunguza. Miaka ishirini tumeishi hivyo, na hakuna aliyewahi kugonga kwa sababu nyingine.

Jumamosi moja mchana nilikuwa napiga pasi, redio ikisoma matangazo ya vifo. Nasikiliza kituo cha Kikalenjin kwa sababu wafu wa huku ndio ninaowajua. Kogo akagonga. Nikapunguza. Akagonga tena. Nikapunguza zaidi, nikainamisha sikio ili nipate jina la marehemu na siku ya mazishi. Akagonga mara ya tatu, polepole. Basi nikaghadhibika. Nikaizima kabisa, nikasema moyoni kwamba huyu mama sasa anataka hata pumzi zangu azipunguze. Kugonga kukakoma. Nikaendelea na pasi nikiwa nimenuna, na nikaapa kutomsemesha mpaka kesho.

Mvua ilinyesha, ikapita. Karibu saa kumi na moja nilitoka kumwaga maji ya sufuria, nikaona nguo zake bado kwenye kamba, zimelowa chapachapa. Kogo hakuwahi kuacha nguo zinyeshewe. Nilisukuma mlango wake. Alikuwa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wetu, mdomo umekwenda upande, bakora mkononi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti. Asingeweza kuniita.

Sitakataa kwamba mtaa wa zamani una uzuri wake. Nilipiga kelele mara moja tu, milango yote ikafunguka. Wanaume walimbeba kwa blanketi wakiruka mtaro, mwingine akaleta pikapu yake bila kuuliza mafuta yatatoka wapi. Huko kwenye ghorofa ya kakangu wangechungulia kwa pazia.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Ilianza saa ngapi?"

"Sijui," nikasema. "Nimemkuta tu hivyo."

Nilijua. Matangazo ya vifo huanza saa nane na hayachelewi. Lakini kusema saa nane ilikuwa ni kusema pia kwamba nilimsikia, na majirani wote walikuwa wamesimama nyuma yangu. Daktari alieleza kwa upole kwamba kuna dawa ambayo hawampi mgonjwa kama muda haujulikani. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo hapo. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa mwoga, na sina neno jingine la kujiitia.

Alipona nusu. Mwanawe alimpeleka Kimulot, safari hii bila kupingwa. Kanisani alinisimamisha mbele ya watu, akanishukuru kwa kumwokoa mamake, wakanipigia makofi. Mpaka leo mtaani wananitaja kama mfano wa jirani mwema.

Miezi mitano baadaye nilikwenda kumwona, nimejiandaa njia nzima kumwambia kila kitu. Nilimkuta kwenye kiti barazani, mkono mmoja umelala mapajani, chai imemtiririkia kidevuni. Sauti ilikuwa imerudi, nzito, neno moja moja. Nikapiga magoti nimfute, nikaanza, "Kogo, ile siku..."

Akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilikugongea, nikasikia umezima redio. Nikasema, sawa, huyu mtoto amenisikia. Nikaacha kugonga. Nikakungoja."