Kaka Yuko Ziwani

Mama yangu anaishi Bagara, hapa Babati, na kwa miaka mingi alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuulizia mwanawe wa kwanza: "Yuko ziwani." Kwa watu wa hapa hilo ni jibu kamili. Ziwa letu halimpotezi mtu. Viboko wana upande wao, wavuvi wana upande wao, na ukimtafuta mtu huko utauliza wawili watatu, wa mwisho atakuonyesha kwa kidole. Mama alidhani ziwa la Mwanza, alikokwenda kaka, ni hilo hilo, limeongezwa maji tu.

"Si mnapita Mwanza na hilo lori lenu?" aliniambia. "Shuka, nenda ziwani, muulizie. Mwambie nataka kumwona kabla sijafa."

Shule niliacha darasa la sita, nikawa utingo wa malori yanayobeba vitunguu saumu vya Mbulu. Sijawahi kukaa mahali mpaka majirani wakaizoea sura yangu. Nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi, basi. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta kaka ilinifaa, na ndiyo iliyonifundisha mkoa wa Mwanza kuliko ramani yoyote ya ukutani.

Sehemu kubwa ya mkoa ule ni maji. Jiji lenyewe limekaa kwenye mawe: nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba, na mtu wa Babati akipita mara ya kwanza hutembea akiangalia juu, akingoja moja liporomoke. Nilianzia Kirumba, kwenye soko la dagaa, nikataja jina la kaka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anajaza gunia alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka yangu, unatafuta mvuvi Mwanza? Si utafute na nzi mmoja humu sokoni!"

Nikaenda Magu, ambako ziwa limejificha nyuma ya mashamba ya mpunga. Nikaenda Ngudu nikakuta ziwa hakuna kabisa, ni ng'ombe, pamba na vumbi, na bado wenyewe wanajiita watu wa Kanda ya Ziwa. Nikavuka kwa kivuko kwenda Sengerema, mji wa pikipiki na mihogo, ambako nusu ya watu niliowauliza walikuwa wapita njia, wanafuata dhahabu Geita. Kila nikirudi nyumbani mama anauliza, "Ziwa umelimaliza?" Nikimwambia bado kuna miji mingine, na visiwa, ananitazama kama mtu anayedanganywa.

"Wewe unazurura tu," alisema. "Kaka unamfanya sababu."

Nilimpata Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye duka la nyavu karibu na soko. Alikuwa amenenepa. Aliponiona mikono yake ilisimama juu ya wavu aliokuwa anaupima, kisha akasema kwa sauti ya dukani, "Karibu mteja."

Mkewe alitoka nyuma akanisalimu vizuri. "Mgeni wetu anatoka wapi?"

"Babati," kaka alijibu kabla yangu. "Tulifahamiana zamani."

"Babati ndiyo wapi?"

"Huko huko Arusha."

Watoto wao wawili wakaniamkia. Nikaitikia marahaba, nao hawajui kwamba wamemwamkia baba yao mdogo.

Alinisindikiza hadi gatini. Njiani nikamwambia kwamba mama bado anaitwa kwa jina lake yeye, mama wa fulani. Kila asubuhi majirani wakimsalimu wanalitaja, na yeye anaitika.

"Mama alishakufa," akasema.

"Unasema nini wewe?"

"Hapa alishakufa. Ule mwaka biashara ilivyoanguka nilisema nimefiwa. Ukweni wakafunga turubai, watu wakakaa matanga, wakanichangia. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikakauka. Sasa leo nimlete, niseme amefufuka?"

Nilitaka kumpiga. Lakini meli ilishaanza kupakia, na yeye alishageuka kumsalimu mtu mwingine kwa furaha kubwa. Pale gatini kila mtu anamfahamu.

Nyumbani nilimweleza mama nusu tu: kwamba kaka ni mzima, ana duka, ana mke na watoto. Mama akapiga vigelegele uani, peke yake. Hakuuliza kwa nini mwanawe haji. Aliamua kwenda mwenyewe. Akawatangazia wenzake kanisani, akaazima begi kwa jirani, akachambua mbaazi za kuwapelekea wajukuu, akachagua jogoo wa mkwe. Siku ya kuamkia safari nilimkuta ameshamfunga miguu huyo jogoo na kumlaza mlangoni.

"Mama," nikasema, "huko hutakwenda. Huko wameshakulilia."

Nikamwambia yote: turubai, matanga, michango. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilidhani atapiga kelele, au atanitukana mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwepo.

"Walikuwa wengi?" akauliza.

"Anasema wengi."

"Na walilia?"

"Walilia."

Akainama, akaifungua kamba miguuni mwa jogoo, akaikunja vizuri kama kitu kitakachohitajika tena. Jogoo akachechemea kuelekea kwenye migomba.

"Basi huko nimezikwa vizuri," akasema. "Hapa atanizika nani? Wewe?"

Nipo Bagara tangu masika. Lori nimeliacha, nabeba mizigo pale sokoni. Nikitoka, hata kufuata chumvi dukani, mama anasogea dirishani kwanza kuangalia kama nimechukua nguo.