Vigelegele Kwenye Matanga

Hii aibu yangu Namboboto nzima wanaijua, kwa hivyo heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imeongezwa chumvi.

Mimi ni ajenti wa mizigo pale mpakani Busia, na siku hiyo nilikuwa naendesha gari lililobeba wazee na akina mama wetu, tunaenda kijijini kwa mchumba wa ndugu yangu Wandera kumposea. Shangazi Nafula, ambaye zamani alikuwa akipeleka dagaa wa omena kuuza huko kwa miguu, akasema akae mbele anionyeshe njia, nami nikamwambia apumzike tu nyuma, simu inajua njia (nilikuwa nimefika huko mara mbili nikiwa nimebebwa na boda, macho kwa simu, sikumbuki hata mti mmoja).

Tulipopita Funyula simu ikakwama, ile alama yetu kwenye ramani ikagoma kusonga, na mimi badala ya kukubali nimepotea nikakata kona ya kwanza niliyoiona, nikakuta boma lina tenti na viti vimepangwa, nikasema ndio hapa. Akina mama wakashuka na vigelegele na jogoo mkononi, nami nikaanza hotuba, kwamba tumeona ua zuri katika boma hili na tumekuja kuliomba, mpaka shangazi akanivuta koti. Mbele yangu kulikuwa na picha ya mzee imezungushiwa maua, na watu wameshika tama.

Niliomba msamaha, nikangoja kufukuzwa. Mjane, Mama Nabwire, akainuka polepole akanishika mkono.

"Mwanangu, mzee wangu alipenda wageni," akasema. "Kaeni kwanza mnywe chai."

Shemeji yake, mwalimu wa bayolojia, akauliza tumepitia wapi, nikashindwa kutaja hata kitu kimoja. Hakunicheka. Akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna seli zinazoamka ukifika mahali fulani, na nyingine ukifika pengine, hivyo ubongo unajichorea ramani, lakini ukifuata tu mshale wa simu bila kuangalia unakopita, ramani hiyo haishiki vizuri. Akanipa kijiti nichore njia mchangani. Mchoro wangu ukaishia kwa lami. Shangazi akakichukua, akachora kisima, kanisa, kisiagi cha mahindi, mpaka mlangoni kwa wakwe, ingawa alikuwa hajakanyaga huko miaka mingi.

Tulifika tumechelewa, shangazi akiwa kiti cha mbele, na habari ilikuwa imetutangulia. Wakwe walicheka mpaka wakalegea, halafu wakatukubalia. Hapo ndipo nilipoapa kwamba njia nitakuwa naitazama mwenyewe, hata kama simu inaongea.

Jumamosi nilirudi kumzika yule mzee, simu mfukoni, nikitaja kona kwa sauti kama mwendawazimu, nikapotea mara moja tu. Mama Nabwire aliponiona langoni akauliza nimeletwa na nani.

"Nimekuja mwenyewe, mama," nikamwambia.

Akanitengea kiti, upande wa familia.