Redio Aingia Majini

Watu wa ufukweni walimwita Redio, kwani akishawashwa hazimiki. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni kwa mashua yenye kioo sakafuni, akiwaonyesha matumbawe ya zambarau na ya manjano yaliyokuwa chini yao. Kila samaki alikuwa na kisa chake. Mwenye mistari alikuwa mfungwa mtoro. Mwenye midomo minene alikuwa bibi harusi aliyezidisha rangi. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Jambo moja tu hakuwahi kulisimulia: maji yakimfika kiunoni, alikimbilia nchi kavu.

Mwaka mmoja joto likazidi. Bahari ikawa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, na rangi zikaanza kuyatoka matumbawe, kidogo kidogo, hata yakabaki meupe pee. Mgeni mmoja akainamia kioo, akauliza, "Mbona kama makaburi?"

Redio akajikaza. "Wamepaka chokaa kwanza. Rangi inakuja."

Wageni wakacheka. Yeye cheko lilimgomea. Haukupita muda samaki wakahama, wavuvi wakawa wanarudi na nyavu nyepesi, na mashua yake ikashinda imefungwa kambani.

Wakati huo mkewe alikuwa ameingia kikundi cha kuotesha matumbawe pamoja na mdogo wake wa kike, mzamiaji hodari asiye na breki mdomoni. Walichukua vipande vya matumbawe yaliyostahimili joto, wakavifunga kwenye vyuma chini ya maji. Vikikua, walivipandikiza mwambani.

"Shemeji, tunataka mikono," mzamiaji alimwambia wakiwa wanakula. "Na yako imekaa bure."

"Mimi nitawasimulia wageni habari zenu, huko huko juu."

"Wageni gani? Vile viti vitupu?"

Mkewe akaweka kijiko chini. "Baba watoto, miaka yote hii matumbawe yanakulisha. Hujawahi hata kuyagusa?"

"Ningeyagusaje na sijui kuogelea!"

Likawa limemtoka. Wale dada wawili wakaangua kicheko, shemeji akaishia sakafuni.

Wakamfundisha alfajiri, ili mabaharia wenzake wasimwone. Alivaa boya la rangi ya chungwa, na miwani ya kuzamia akaigeuza juu chini.

"Pumua kwa mrija!" shemeji akaamuru.

"Si ndiyo napumua!"

"Hapo unabishana. Pumua."

"Lala chali," mkewe akambembeleza, amemshika shingo. "Jifanye uko kitandani."

"Kitandani kwangu hakuna kaa!"

Alikunywa bahari ya kutosha. Lakini asubuhi moja mke aliachia shingo bila kusema, na mume akaendelea kuelea, akilalamika vilevile.

Siku aliyozamia kweli, boya likiwa limebaki mashuani, alistaajabu kwanza kwa sauti. Mwamba ulikuwa unatatarika kama mafuta kikaangoni. Kioo hakikuwahi kumpa habari hiyo. Kisha akayaona yale matumbawe makubwa aliyokuwa akijivunia. Yalikuwa yamekufa, yameota mwani. Akayapapasa. Pembeni, kwenye chuma, vipande vya ukubwa wa kidole vilikuwa hai, na kisamaki kimejibanza katikati yake. Akafunga kipande kipya kando yavyo.

Alipoibuka macho yalikuwa mekundu.

"Miwani inavuja?" shemeji akauliza.

"Inavuja."

Shemeji akavua yake, akampa.

Mwaka uliofuata joto liliporudi, vipande kadhaa vilipauka tena, wakahamishia vyuma kwenye kina chenye maji baridi zaidi. Vingi vikapona. Wageni nao wakaanza kurejea mmoja mmoja, na wale waoga wa maji Redio huwashika shingo mwenyewe.

Juzi pono, samaki mwenye meno ya kutafuna mawe, alimega tumbawe ambalo Redio alilipandikiza kwa mkono wake. Redio akamtukana hapo hapo, mrija ungali mdomoni. Mkewe ilibidi amvute juu, anakohoa huku anaapa kwamba watajuana, yeye na yule pono.