Viazi Vitamu vya Chicago

Ofisi ya elimu ya jimbo inautangazia umma kwamba, kuanzia muhula huu, hakuna kijana wa jimbo hili atakayedanganywa tena na simu yake. Kila mwanafunzi wa sekondari atafundishwa kufikiri kwa kuhoji. Akishafundishwa, atautambua uongo. Na uongo ukishatambuliwa, hukoma kusambaa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa shule ya Santa Rita Atzompan, katika vilima vya Tlaxcala, chini kidogo ya picha ya mbwa aliyepotea. Mkuu wa shule, bwana Leobardo, aliwasomea walimu wake kwa sauti nzito, kwa heshima inayostahili maneno ambayo hayakuja na kitabu hata kimoja. Kisha akauliza nani atalifundisha somo hilo. Watu wote waliokuwa chumbani wakamgeukia Celerina Cuapio.

"Msinitazame hivyo," alisema Celerina. "Nani kasema ni mimi?"

"Mnaona?" alisema bwana Leobardo. "Ameshaanza."

Hakuna aliyemwonea. Celerina alikuwa mwanamke wa kuhoji tangu utotoni. Nyama aliyopimiwa buchani aliipima tena nyumbani. Redio ikitaja saa, yeye alitazama ukutani kuona kama redio iko sawa. Volkano ikitema majivu na serikali ikatangaza kwamba imetema majivu, alitoka nje, akapitisha kidole juu ya gari la jirani, akakitazama kidole, ndipo akafunga madirisha. Msibani hakuketi kabla ya kuchungulia jeneza. Alimshuku mumewe kwa muda mrefu na kwa uangalifu mkubwa, hata siku mume alipohama na muuza nguo wa Apizaco, Celerina alikuwa mtu pekee mjini ambaye hakushangaa. Watu walimpa pole. Yeye alionekana kama mtu aliyepata jibu sahihi kwenye hesabu ngumu.

Mtu mmoja tu ambaye Celerina hakumshuku alikuwa mwanawe, Abundio, aliyeondoka miaka minne nyuma kwenda Chicago. Kila Jumapili Abundio alituma ujumbe wa sauti. Ulipokelewa na bibi yake, Bi Natividad, mama mzazi wa Celerina, aliyemlea tangu anatambaa. Naye akishausikiliza aliupeleka kwenye kundi la wasapu la mtaa, halafu Jumatatu akaupeleka tena kwa mkono wake mwenyewe hadi kwenye kinu cha mahindi, akawasikilizisha wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Chakula kilikuwa kimemshinda, lakini habari za Chicago alizila zote.

Darasani Celerina aliandika maswali matatu ubaoni na kuyaacha hapo bila kuyafuta: Nani kasema? Amejuaje? Anapata nini? Wanafunzi waliyapenda kuliko alivyotazamia. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamemhoji padri, dereva wa lori la gesi na mganga wa meno. Wazazi wakaanza kuja shuleni.

"Mwalimu, nimemwambia mwanangu akaoge," mama mmoja alilalamika, "ananiuliza chanzo changu ni nini."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu kwa kandambili."

"Hicho nacho ni chanzo," alisema Celerina, kwa moyo mweupe kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusifiwa kwa tabia iliyomkosesha marafiki, na alianza kutembea kama mwenye cheo.

Akawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja alete jambo moja ambalo kwao linaaminiwa na kila mtu, bila hata mmoja kuuliza. Eleuterio, mtoto wa mwoka mikate, alileta dawa ya kisukari ya maji ya mchicha mwitu. Mwingine akaleta picha ya mtakatifu anayelia. Vyote vikahojiwa, vyote vikaanguka, na darasa likafurahi kama watu waliokata kuni za kutosha. Ndipo akasimama Yaretzi, msichana wa miaka kumi na minne mwenye kusema polepole, akiwa ameshika simu ya mama yake.

"Mimi nimeleta ya Abundio, mwalimu. Kwetu tunaiamini sote."

Celerina alitabasamu. "Hiyo umekosea, binti. Nilisema jambo lisilo na uhakika."

"Ulisema jambo ambalo hakuna aliyeuliza."

Darasa zima lilikuwa linamtazama mwalimu. Akaashiria kwa mkono, iwekwe kwenye spika.

Sauti ya Abundio ikajaa chumba. Bibi shikamoo, hapa ni baridi, theluji imefika magotini, barabarani hakuna hata paka, naongea nanyi nikiwa nimejifunika mablanketi. Halafu nyuma ya sauti hiyo, mbali lakini wazi, ikapita filimbi. Ilianza juu, ikajikaza, kisha ikaporomoka taratibu kama mtu anayekata tamaa mbele za watu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ile ni filimbi ya mvuke ya kikokoteni cha viazi vitamu, kile chenye jiko na bomba la moshi. Santa Rita kinapita kila Ijumaa jioni, na watoto wanaifahamu filimbi yake kabla ya kufahamu majina yao.

"Hicho ni kiazi," alisema Eleuterio.

Mtu akacheka. Celerina hakucheka. Alimfikiria Fulgencio, aliyeondoka kwenda Texas akaishia kituo cha basi cha mpakani, akarudi na kofia aliyoinunua hapohapo kituoni. Hadi leo mtu mzima yule anaitwa Texas, na mwanawe, aliyezaliwa baadaye na asiye na hatia yoyote, anaitwa Texas Mdogo. Aliliona jina la Abundio likiwa limeshatengenezwa, linasubiri tu kengele ya kutoka. Halafu akamwona mama yake kwenye foleni ya kinu, simu mkononi, na wanawake wakitazama ndoo zao.

"Chicago," alisema Celerina, kwa sauti ileile aliyotumia kufundisha mito, "imejaa watu wetu. Wamekwenda na nini? Wamekwenda na mapishi yao. Vikokoteni vya viazi vipo, na filimbi zake."

"Kwenye theluji, mwalimu?"

"Hasa kwenye theluji. Nani asiyetaka kiazi cha moto kwenye theluji?"

Eleuterio akainua kalamu. "Nani kasema?"

"Mimi."

Wanafunzi wakatazamana. Jibu hilo hawakuwahi kulisikia katika somo lile, lakini lilikuwa limetoka kwa mtu asiyeamini hata redio. Wakaliandika.

Kengele ilipolia Yaretzi alibaki nyuma akikunja waya wa spika polepole mno.

"Mwalimu, swali la tatu hatukulijibu. Anapata nini?"

"Nani?"

"Anayesema."

"Kamsaidie mama yako," alisema Celerina.

Alipofika nyumbani alipanda juu ya paa, kati ya nguo zilizoanikwa, akausikiliza ujumbe tena akiwa ameziba sikio la pili. Baada ya filimbi kulikuwa na kingine, chini kabisa: kipaza sauti cha gari linalopita likinunua magodoro, majiko na friji mbovu. Wimbo ule unajulikana na kila aliyewahi kulala usiku mmoja mji mkuu. Akapiga simu.

"Mama? Kuna nini? Bibi mzima?"

"Mzima. Baridi vipi huko?"

"Mama, usiseme. Theluji mpaka hapa."

"Na viazi unanunua au unasikiliza filimbi tu?"

"Viazi gani?"

Celerina hakujibu. Alikuwa amewafundisha watoto kwamba ukinyamaza baada ya swali zuri, mtu hujieleza mwenyewe. Hakuwa amejua kwamba kunyamaza kule kunaumiza pande zote mbili.

"Nilifika mpakani," alisema Abundio mwishowe. "Nilijaribu, nikarudishwa, nikajaribu tena. Basi ningerudi hapo vipi? Bibi alishafanya misa ya shukrani na kuwalisha watu."

"Uko wapi?"

"Iztapalapa, hapa mji mkuu. Niko na fundi wa matairi. Ni mtu mzuri."

Chini barabarani basi la mji mkuu lilikuwa linapakia abiria. Mwendo wa saa mbili. Kukiwa na foleni, saa tatu.

"Miaka minne," alisema Celerina.

"Mama, usimwambie bibi. Itamuua. Na hapo mtaani wakijua, unajua mwenyewe wataniita nani."

"Theluji umeitoa wapi?"

"Naangalia hali ya hewa ya kule kabla sijaongea," alisema Abundio, na kwenye sauti yake kulikuwa na majivuno kidogo. "Siwezi kusema theluji kama hakuna. Naithibitisha kwanza."

Celerina akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kumtukana, na alitaka kumuuliza kama anakula. Akamuuliza kama anakula.

Kesho yake habari ya vikokoteni vya Chicago ilikuwa imefika sokoni, na keshokutwa ilikuwa imeongezewa mdalasini na maziwa mazito. Hakuna aliyeitilia shaka. Muuza nyama, aliyesumbuliwa na mizani ya Celerina maisha yake yote, ndiye aliyeitetea kwa nguvu zaidi: kama yule mwanamke kakubali, basi hata hakimu akubali. Texas mwenyewe alisema kwamba alipokuwa kule aliviona.

Bi Natividad aliisikia kinuni. Jioni ile, akiwa anachambua maharage, hakumtazama binti yake.

"Wanasema Chicago kuna viazi."

"Vipo, mama."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Bikizee akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakiweka kando, akakitazama.

"Basi vipo," alisema.

Wiki iliyofuata Celerina alitangaza kwamba ofisi ya elimu inamtaka mji mkuu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye semina ya kupambana na habari za uongo. Bwana Leobardo alimpongeza bila kuomba barua. Yaretzi, aliyekuwa karibu, alianza kuuliza "Nani," kisha akamtakia mwalimu safari njema. Asubuhi ya safari ya kwanza Bi Natividad aliamka kabla ya jogoo, akampa binti yake mfuko wa tamale, vile vimikate vya mahindi vya mvuke, za pilipili ya kijani, zilizofungwa kwenye taulo zikiwa za moto, na sweta la kufuma la kiume.

"Za nani hizi, mama?"

"Za huyo mkufunzi wenu. Mwambie nyeupe zisizo na pilipili ziko chini, maana pilipili humuunguza tumbo tangu mdogo."

Celerina alisimama mlangoni na mfuko ule. Mama yake alikuwa ameshageuka, anafagia.

Jumapili ujumbe mpya ulifika kutoka Chicago. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na Abundio alikuwa amepata sweta. Bi Natividad aliusikiliza mara mbili, akaupeleka kwenye kundi la mtaa, na wa kwanza kuutilia alama ya moyo alikuwa mwalimu wa somo la kufikiri kwa kuhoji. Wa pili, Yaretzi.