Sauti Aliyotaka Kuibadilisha

Simu kutoka Louisville ilinikuta hapa Gahanna nikifunga viatu niende kazini: mfasiri wetu wa filamu amefariki, moyo umesimama ghafla. Wasomaji wangu Wakongomani wanamjua hata nisipomtaja. Mchana alipakia maboksi ghalani pamoja na Wakuba, ambao ndio waliomfundisha Kihispania. Jioni, katika fleti yake ya mtaa wa Beechmont, kulekule Louisville, alichukua vichekesho vya zamani vya Hispania na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili cha Bukavu. Diski zake zilifika mpaka Buffalo.

Katika vichekesho hivyo hakosekani mwanamume anayependa wanaume wenzake, naye yupo ili achekwe tu: anakata kiuno, analialia, anamkodolea macho kila apitaye. Marehemu alimpa sauti nyembamba ya puani iliyotuvunja mbavu. Mimi nami nilicheka mpaka machozi, siwezi kukana. Kisha Jumapili moja, mlangoni pa kanisa, watu wakamsalimia mdogo wake wa kiume kwa sauti hiyohiyo, maana ilijulikana kwamba naye anapenda wanaume. Wiki haikuisha, akahamia mtaa wa West Side, Buffalo, na simu za kaka yake akaacha kuzipokea.

Majira ya baridi yaliyofuata marehemu aliendesha gari mpaka kwangu na diski mpya. Alikuwa ameirekodi filamu upya, na yule mwanamume sasa anaongea kama mtu yeyote anayeomba chumvi mezani.

“Bon, kaka, angalia kwanza,” aliniambia. “Nataka nimutumie mudogo wangu.”

Tukatazama. Utani ukafa mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimechoka na kazi, nikamwambia, “Ndugu yangu, umeiharibu. Rudisha ile sauti.”

“Donc batu bote batasema vile,” akajibu, yaani watu wote watasema kama mimi, akatabasamu kidogo. Diski akaiacha juu ya meza yangu, na Buffalo hakutuma kitu.

Kwenye matanga kule Louisville, ili kujifariji, watu waliweka filamu ileile, yenye sauti ya puani. Walicheka huku wanalia. Mdogo wake, aliyekuja kwa basi kutoka Buffalo, alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mashine. Ningeweza kuizima, lakini mkono haukuinuka, na hilo linaniuma mpaka leo. Ilipokwisha, akanijia.

“Kaka, unaweza kunitolea kopi? Sina fasi ingine naweza kusikia sauti ya mukubwa wangu.”

Nikamtolea. Ile nyingine, iliyorekodiwa kwa ajili yake, nilikuwa nimeshaitupa nilipohama nyumba, pamoja na magazeti ya zamani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba iliwahi kuwepo. Basi, msomaji wangu, mtu akikuletea kazi yake uitazame, tazama kwanza amemfanyia nani. Yule bwana aliniuliza habari za mdogo wake, nami nikamjibu habari za filamu.