Upande wa Kulia wa Susu

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimeketi kwenye kigoda ndani ya kibanda cha mabati pale Kariobangi, Nairobi, ukosi wa blauzi nimeuvuta upande, macho nimeyafumba, nangoja sindano iniguse. Miaka ya themanini ilikuwa ingali michanga, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mcheshi, wa kuota ndoto mchana hata nikiwa nimesimama. Niliamini kila jambo jema linakuja kwangu, na tena linakuja leo.

Nimesikia nawe unataka kuchorwa tatuu. Usijikunyate, sikukuitia ugomvi. Vuta kiti. Mimi mwenyewe ninayo, na kila ninapoiona kwenye kioo namshukuru mtu mmoja aliyekataa kunichora na mwingine aliyenifungulia pini.

Tulikaa Kaloleni wakati huo, kwa sababu Baba alifanya kazi katika karakana ya reli. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, nikapata kazi Kariobangi kwenye chumba cha mashine za kufuma sweta. Kutwa nzima nilihesabu mishono. Ukikosea mmoja tu, mkono wa sweta unapinda, na mwenye kazi anakutazama kana kwamba umemtukana mamake.

Nyumbani nililala kitanda kimoja na Susu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu. Alikuja kuishi nasi babu alipofariki, akakaa miaka sita. Kifuani, chini kidogo ya mabega, alikuwa na chale za usichana wake, mistari iliyoinuka kama uzi mnene uliopitishwa chini ya ngozi. Nilikuwa nimeziona mara chache, kwa kuibia, anapotoka kuoga. Maana Susu alifunga gauni lake hadi kooni na kulibana kwa pini kubwa, hata jua liwake namna gani. Nilidhani najua sababu. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kusema, sote tukisikia, kwamba alama za kale ni alama za giza. Kila nilipoiona ile pini, ilikuwa kama imenichoma mimi.

Basi Baba akatuambia kwamba nyumba ya Susu kule kwetu Ukambani imeezekwa upya, na Jumamosi atarudi. Kwa umri wake, wote tulijua Nairobi hatarudi tena. Nikaamua moyoni: kabla hajapanda basi, nitakuwa na chale zake kifuani mwangu, kwa wino. Nitafungua kifungo mbele yake, aone kwamba kuna mtu mmoja katika mji huu ambaye haoni aibu kwa ajili yake. Nikazichora kwenye karatasi ya daftari, mistari sita huku na sita kule, nikaikunja. Nilikuwa na siku tano.

Kibanda nilichokwenda kilikuwa cha kijana aliyeitwa Jimmy. Kuta zake zilijaa picha zilizokatwa magazetini: nge, nanga, mioyo iliyochomwa mishale. Mashine yake aliiunda mwenyewe kwa mota ya redio kaseti.

“Sasa, manzi! Hii nayo ni nini? Ni mistari tu!” akasema, akiigeuza karatasi yangu juu chini.

“Ni za nyanyangu.”

“Wacha nikuzungushie kaua hapa, zivutie. Ama uchukue nge. Nge itakukaa, dakika kumi umeshamaliza.”

Sikumwuliza ile sindano ilikuwa imetoka kwa nani. Nilimwona akiipangusa kwenye suruali, nami nikafumba macho nisione. Ndivyo ujana ulivyo, mwanangu. Jambo likitutisha tunafumba macho, halafu baadaye tunasema hatukuonywa.

Natamani nikwambie kwamba akili ilinirudia nikasimama. Haikunirudia. Stima ilipotea. Mashine ilinguruma mara moja, ikanyamaza. Jimmy akaipiga kofi, akaupiga ukuta kofi, karibu anipige na mimi. “Rudi kesho, dadangu,” akasema. Nikatoka nimenuna, nikimlaumu Mungu kwa baraka aliyokuwa amenipa.

Kazini kwetu kulikuwa na msichana aitwaye Wanjiku. Nilipomsimulia, akanishika kiwiko. “Kuna Mzee Mutiso, yule mchongaji wa nyuma ya soko. Huchora watu kwa mkono. Lakini jitayarishe, ana maneno.”

Jumanne saa ya chakula nikaenda. Nilimkuta katikati ya mabaki ya mbao akimsugua twiga kwa msasa. Hapakuwa na picha hata moja ukutani.

“Mzee, kazi zako za kuchora watu nitaziona wapi?”

“Zinatembea,” akajibu bila kuinua macho. “Moja iko kwa Mama Nduku, anayeuza sukuma wiki pale kona. Mwambie akunje mkono wa sweta. Yule ndege nilimchora miaka kumi na miwili iliyopita. Kazi ya jana kila mtu anayo ya kukuonyesha.”

Nikaenda. Ndege alikuwapo, mabawa yake yamesimama wazi, wino haujatapakaa, ijapokuwa mkono wenyewe ulikuwa umenenepa. “Huyo mzee alinirudisha nyumbani mara mbili kabla ya kunigusa,” Mama Nduku akaniambia huku akicheka. “Nilimtukana! Siku hizi namchagulia majani yaliyo laini.”

Niliporudi, Mzee Mutiso alinyoosha mkono, nikampa karatasi yangu.

“Kushoto mistari mingapi?”

“Sita.”

“Na kulia?”

“Sita.”

“Umehesabu ama umekadiria?”

Niliinamia karatasi yangu tena.

“Mwenye alama hizi yuko wapi? Alifariki?”

“Hapana, mzee. Ni nyanyangu. Yuko Kaloleni, tunalala kitanda kimoja.”

Hapo ndipo alipomweka twiga chini. “Unalala na mwenyewe kitanda kimoja, halafu mimi unaniletea uvumi?”

“Mzee, anaondoka Jumamosi! Wewe chora tu, hata nikikosa mstari mmoja atafurahi.”

“Sikiza, msichana. Huyu twiga nikimvunja mguu, namgeuza kuwa kijiko. Kijiko nacho kikipasuka, nakifanya kitana. Wewe nikikukosea nitakugeuza kuwa nini?” Akanirudishia karatasi. “Toka. Kahesabu. Na umwombe ruhusa. Alama za mtu haziokotwi.”

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mzee Mutiso aliniambia toka waziwazi, kumbe hakuwa akinifukuza. Lakini siku ile sikuelewa. Nililia njiani, mwanangu, kwa sababu niliona siku zinakwisha na Susu ataondoka na pini yake kooni. Kesho yake nilikuwa karibu kurudi kwa Jimmy. Kilichonizuia ni sweta. Nilikuwa nafuma sweta ya mtu ambaye sitamwona maishani, na nilijua mishono ya kifua chake yote, mmoja mmoja. Kifua cha Susu wangu sikukijua. Nikaisimamisha mashine pale pale.

Alhamisi uzi uliisha kazini, tukaachiliwa mapema. Nilimkuta Susu ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nikapiga magoti, nikamwonyesha karatasi, nikamweleza yote. Akaifuata mistari kwa kidole.

“Miaka sita unanilalia mgongoni, Mwende, na leo ndio unauliza?”

Mwanangu, nimewahi kupigwa, lakini hakuna kiboko kilichoniingia kama hilo swali. Alilisema polepole, wala hakuwa na hasira.

“Sikutaka kukukumbusha uchungu, Susu. Yule mama wa kanisani, aliyesema ni alama za giza... Niliona unavyojifunga pini.”

“Mama gani?” Akafikiri, kisha akaangua kicheko hadi maharagwe yakamwagika. “Yule? Hata jina lake silijui! Mimi nimejifunga hapa tangu yeye hajazaliwa. Kanisa halimo. Ni huu upande wa kushoto!”

Tukaingia ndani. Akaifungua ile pini mwenyewe, nami nikahesabu kwa kidole, kama ninavyohesabu mishono. Kulia ilikuwa saba, imenyooka kama matuta ya shamba la mtu mwenye bidii. Kushoto ilikuwa mitano tu. Mmoja ulipinda kama njia ya mbuzi, mwingine ulikuwa umevimba donge.

“Upande huu ni mkono wa bibi aliyejulikana vijiji vyote,” Susu akasema, akigusa kulia. “Alipomaliza mstari wa saba akaitwa, bintiye yuko karibu kujifungua. Akaniambia ningoje siku mbili. Siku mbili, Mwende! Lakini jioni ile kulikuwa na ngoma, na ngomani kulikuwa na kijana.”

“Babu?”

“Wala si babu yako! Jina lake hata nimesahau.” Akacheka tena, safari hii kwa sauti ndogo. “Kulikuwa na jirani mmoja aliyejidai anajua kuchanja. Nikamsihi animalizie. Alipofika wa tano mkono ukamtetemeka, akakimbia. Na hiyo ngoma sikuicheza. Nililala na homa siku tisa.” Akafunga ukosi wake. “Huyo mzee aliyekwambia utoke, nipeleke kwake kesho.”

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikampeleka. Laiti ungemwona Susu! Aliingia katika kibanda cha mchongaji kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe. Alitazama mikono ya Mzee Mutiso, kucha zake, na sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni. Mzee akafungua pakiti mpya ya sindano mbele yetu, akazitupa katika maji yanayochemka, kisha akafunga tatu kwenye kijiti.

“Umewahi kumharibu mtu?” Susu akamwuliza.

Mzee Mutiso alipandisha suruali, akatuonyesha muundi wake. Palikuwa na samaki, au kitu kilichotaka kuwa samaki. “Nilianza na mimi mwenyewe,” akasema.

“Huyu ndiye,” Susu akaniambia, akaketi.

Kwanza alinichora kwa kalamu ya wino tu, akifuata karatasi niliyoichora upya baada ya kuhesabu. Susu akasogea, akapima kwa jicho. “Huu wa tatu uteremke kidogo. Punje moja ya mahindi.” Mzee akafuta, akachora upya. “Nusu punje.” Akafuta tena. Hakuona haya kuelekezwa, na hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Kisha akanigeukia: “Na kushoto? Niweke mitano na kupinda kwake, ama niinyooshe?”

“Kama ilivyo,” nikasema. Nilimpenda Susu wote, pamoja na njia ya mbuzi.

“Hapana,” Susu akasema. “Huo upande ni kosa langu, na ninarudi nalo nyumbani. Wewe utatafuta lako.”

Basi nikachorwa mistari saba ya kulia, na Susu akanishika mkono mpaka mwisho. Iliuma, nisikudanganye. Mama yangu alipoiona alikasirika, hakunisemesha hadi Jumapili.

Jumamosi tukamsindikiza Susu kwenye basi. Jua lilikuwa kali. Alipofika mlangoni alisimama, akaitoa ile pini kooni, akanitilia kiganjani, ukosi wa gauni ukafunguka. Kisha akaingia ndani, akawasumbua abiria watatu hadi akapata kiti ambacho upande wake wa kulia ulielekea dirishani. Akatupungia mkono akicheka. Nami nilisimama pale nikicheka na kulia, hata Baba akaniuliza kama nina wazimu.

Hakurudi Nairobi, kama tulivyojua. Lakini aliishi miaka minne zaidi, na kila Krismasi nilipokwenda kumwona alinivuta ukosi kwanza, akakagua mistari, ndipo akanisalimu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wanasema mchagua nazi hupata koroma. Huenda ni kweli kwa nazi, lakini ngozi yako si nazi. Chagua. Fundi akikuonyesha ukuta, mwombe akuonyeshe watu, na wawe watu aliowachora zamani, wino ukiwa umeshakaa na mwili umeshabadilika. Mwulize aliwahi kukosea wapi. Asiyekuwa na kosa la kukuonyesha analificha, au hajafanya kazi ya kutosha. Sindano ifunguliwe mbele yako na macho yako yakiwa wazi. Akikwambia nenda ukafikiri, mshukuru, hata kama utakwenda huku unalia. Na picha iwe yako mwenyewe. Ikiwa inamhusu mtu, nenda kwake ukamwulize angali hai, maana nilikaribia kubeba mwilini maisha yangu yote uongo juu ya mtu aliyelala ubavuni mwangu. Na ukiona huwezi kungoja siku mbili, jiulize ni ngoma gani hiyo unayoikimbilia.

Upande wangu wa kushoto ungali mtupu. Makosa nimeyapata, tena mengi, ila hakuna nililolichora.

Pini ya Susu ninayo hadi leo kwenye kopo la vifungo. Nenda na amani, mwanangu. Mungu akukutanishe na fundi mwenye mkono uliotulia na mdomo usioogopa kukwambia toka. Akupe mtu wa kukushika mkono sindano ikiuma. Na ukizeeka, ukapanda basi la kurudi nyumbani, akujalie ukae dirishani, ukosi wazi, usihitaji pini.