Mechi Niliyowatangazia Akina Mama wa Kadutu

Harufu ya ndagala waliokaushwa juani ilitupokea sokoni Kadutu kabla hatujaona hata meza moja. Samaki hao wadogo walitoka mbali, upande wa Uvira, na harufu yao ilishika nguo za mama yangu hata baada ya kufuliwa, kwa sababu Mama aliuza unga wa muhogo kando yao. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, wakati Wazungu wa Bukavu walipoishi chini kando ya ziwa na sisi juu mlimani, nyumba ikipanda mgongo wa nyumba. Wanaoijua sauti yangu redioni, na waliosoma vitabu vyangu vya mpira, huniuliza nilisomea wapi utangazaji. Hutarajia jina la chuo. Mimi huwaeleza habari za soko lile.

Ili unielewe, lazima kwanza uone jinsi mahali penyewe palivyokaa. Kadutu haina tambarare. Uwanja wa mpira ulichongwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, na soko lilikuwa ngazi ya chini yake. Katikati palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu, mrefu kuliko mtu mzima. Aliyesimama juu ya ukingo aliona pande zote mbili, lakini aliyekaa sokoni alisikia kelele tu. Mechi kubwa zilichezwa Jumamosi alasiri, saa ileile wafanyakazi walipokuja kununua chakula cha wiki. Hakuna mama aliyethubutu kuacha nafasi yake wakati huo, maana akiondoka, mwingine alitandaza mkeka wake hapohapo.

Msimu ule wa mvua kaka yangu mkubwa, yaya Déo, aliingia timu ya Kadutu. Mkubwa wa kiwanda kimoja cha sabuni, Mbelgiji mrefu asiyecheka, alikuwa anatafuta wachezaji wa timu ya kiwanda, na aliyechaguliwa alipewa na kazi pia. Tangu Papa, baba yetu, afariki, nyumba yetu nzima ilikuwa inategemea unga wa Mama. Kwa hiyo tuliposikia kwamba Mbelgiji huyo atakuja kuangalia mechi dhidi ya vijana wa Kavumu, Mama hakulala vizuri. Siku ilipofika aliniambia, "Leo utakuwa macho yangu. Panda kule juu, useme yote. Usinifiche kitu."

Nikapanda. Nikaanza kutangaza kama nilivyomsikia katekista wetu, ambaye alitangaza mechi kwa pembe ya bati na kuwataja wachezaji kwa majina yao ya uwanjani. "Radi anampa Mashine! Mashine anakimbia!" Wale akina mama wakanitazama tu.

"Mashine iko nani?" akauliza Mama Furaha, muuza ndagala aliyekuwa jirani wa Mama. "Ni mutoto wa nani?"

"Ni mtoto wa Mama Zawadi."

"Basi sema vile. Sisi hatukuzala mashine."

Nikageuza lugha papo hapo. Mpira ukatoka kwa mtoto wa Mama Zawadi, ukaenda kwa mtoto wa yule mama aliyeuza sombe, majani ya muhogo, na kila aliyetajwa mwanawe aliinua kichwa kutoka kwenye biashara yake. Nikisema fulani amenyang'anywa mpira, mama yake alijibu, "Anapoteza mpira vile anapotezaka jembe zangu," na soko zima likacheka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimewafundisha watangazaji vijana maisha yangu yote: msikilizaji haujali mpira mpaka ajue uko kwa nani.

Lakini yaya Déo alikuwa anacheza vibaya. Woga ulikuwa umemshika miguu. Aliteleza kwenye tope, akapiga mpira hewani, akampa mtu wa Kavumu pasi nzuri kabisa. Nilisema yote, kama nilivyoagizwa. Nilisema hata kwamba Mzungu ameangalia saa yake. Mama aliendelea kupima unga.

"Mama Déo," Mama Furaha akamwambia taratibu, "unamwangia mutu unga ku viatu."

Muda ulikuwa unakwisha, bila bao, beki wa Kavumu alipoupiga mpira kwa nguvu ukaruka ukingo na kutua katikati ya mabakuli ya maharagwe. Mechi ikasimama. Mama aliuokota, akaufuta tope kwa pindo la kikwembe chake, polepole, kama anayemfuta mtoto uso kabla ya misa, kisha akanirushia. Ilikuwa kona yetu.

"Mtoto wa Mama Zawadi anapiga," nikasema. "Mpira uko juu. Bado uko juu. Unamshukia yaya Déo. Ameuzuia kwa kifua. Amegeuka. Amepiga." Nikainuka kwa ncha za vidole nione.

"Sema basi," Mama akasema.

"Umeingia."

Vigelegele vilipanda kutoka chini ya ukingo kwa nguvu hata wachezaji wakageuka kutafuta vinatoka wapi. Mnunuzi mmoja alibaki ameshika mfuko wake wazi, hakuna wa kumhudumia. Yaya Déo aliitwa na Mbelgiji kabla hajanawa miguu, na Jumatatu akaanza kazi kiwandani.

Tangu hapo nimetangaza katika viwanja vikubwa, nyuma ya vioo, nikiwa na watu wa kuniletea maji. Leo bao moja huonyeshwa na kurudiwa kutoka kila upande, nami nafurahi, maana hata mgonjwa kitandani anaona. Ila sijaona picha iliyokaa ndani ya mtu kama maneno yangu yalivyokaa ndani ya Mama. Alizeeka akiwasimulia wageni bao lile, akiinuka kitini kuonyesha mguu wa kulia ulivyopiga. Siku moja yaya Déo, mwenyewe akiwa na wajukuu, alijaribu kumsahihisha kwamba ulikuwa wa kushoto. Kijana mmoja wa jirani akamkatiza.

"Tonton, nyamaza kwanza," akasema. "Muache mwenye aliona aseme."